Mama Anajibu: Karama za Roho Ndani ya Nyumba Zetu

Mwezi uliopita niliandika katika safu hii maneno machache kuhusu siku ya Pentekoste, nikawaomba wasomaji waniandikie yale yanayowasumbua kuhusu karama za Roho Mtakatifu, yaani vipawa ambavyo Roho huwapa waumini, kama kuponya, kutabiri na kunena kwa lugha wasizojifunza. Barua zilizokuja zimenigusa kwa jambo moja: karibu zote zinaanzia kanisani na kuishia nyumbani, kwa mume, kwa mtoto, kwa mama mkwe, kwa chakula ambacho hakikupikwa. Nimechagua tano, nikaondoa majina na kila kitu ambacho kingewatambulisha waandishi. Mimi si mchungaji wala mwalimu wa theolojia. Ni Mlutheri niliyelelewa Bukoba, mke, mama wa watoto wanne, na kwa miaka mingi mwalimu wa shule ya Jumapili. Ninajibu kwa yale niliyoyasoma katika Biblia na yale niliyoyaishi.

Barua kutoka Iringa

"Shikamoo Mama. Nina umri wa miaka 34 na watoto watatu. Niliokoka nikiwa sekondari. Katika kikundi chetu cha maombi tuko akina mama kumi na wawili, na wote isipokuwa mimi wananena kwa lugha. Nimefunga, nimewekewa mikono mara nne, nimeambiwa nirudie neno haleluya haraka haraka mpaka ulimi ulegee, na hakuna kilichotokea. Sasa kiongozi wetu anasema huenda kuna dhambi niliyoificha, nami nimeachiwa kazi ya kupokea wageni na kupika chai. Ninaogopa kwamba Mungu amenipita. Je, kweli Roho Mtakatifu yumo ndani yangu?"

Marahaba, mwanangu. Yumo. Ninaanza na jibu lenyewe kwa sababu nimeisoma barua yako mara tatu na ninaona umelisubiri kwa muda mrefu mno. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba hawezi mtu kusema Yesu ni Bwana isipokuwa katika Roho Mtakatifu, na wewe umekuwa ukilisema neno hilo tangu ulipokuwa msichana wa shule, ukawafundisha watoto wako kulisema. Mtu ambaye Roho hayumo ndani yake haumii namna hii kwa hofu ya kumkosa.

Katika sura hiyo hiyo ya 12 ya barua ya kwanza, baada ya kutaja karama tisa kuanzia neno la hekima hadi tafsiri za lugha, Paulo anauliza maswali mfululizo: wote ni mitume? Wote ni manabii? Wote wana karama za kuponya? Wote wanena kwa lugha? Kila swali linasubiri jibu la hapana. Ninajua kwamba ndugu zetu wengi wa makanisa ya Kipentekoste, ambao uamsho wao ulienea duniani baada ya mikutano ya Mtaa wa Azusa mjini Los Angeles mwaka 1906, hufundisha kuwa kunena kwa lugha ni ishara ya mwanzo ya ubatizo wa Roho, nao huitofautisha ishara hiyo na karama anayoizungumzia Paulo. Nina ndugu wa damu katika makanisa hayo na siwadharau hata kidogo. Lakini hata wao, pale wanapofundisha jambo hilo kwa uangalifu, hawasemi kwamba asiyenena hakuokoka, wala hawasemi kwamba ulimi ulegezwe kwa kurudiarudia neno.

Hilo la kurudia neno ninalijua kwa uchungu. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, katika shule ya bweni, tulikuwa na maombi kila Ijumaa usiku, na usiku mmoja viongozi walitupanga mstari sisi ambao "tulikuwa bado". Mmoja mmoja walifunguka, mpaka nikabaki peke yangu, na watu wote wakanizunguka wakiomba kwa sauti kubwa. Nilisikia aibu, nikaanza kuiga sauti za msichana aliyekuwa karibu yangu. Walipiga makofi na kushangilia, wengine wakalia kwa furaha. Kwa karibu miaka miwili niliendelea kuigiza kila Ijumaa, na kila nilipomaliza nilijisikia mbali zaidi na Mungu kuliko kabla ya kuanza.

Aliyenitoa humo ni bibi yangu, mzaa mama. Alikuwa mmoja wa walokole wa zamani wa upande wetu wa ziwa, wale wa uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uganda, ukafika Bukoba kabla miaka ya 1930 haijaisha. Jina lenyewe la walokole tumelipokea kutoka kwa Waganda, na maana yake ni waliookolewa. Walokole wale hawakujulikana kwa lugha. Walijulikana kwa kutubu mbele ya wenzao, kwa kurudisha majembe na mbuzi walioibwa miaka mingi nyuma, kwa mume kumwomba mkewe msamaha watu wakisikia, wakati ambapo jambo hilo lilionekana kuwa fedheha. Wao waliita hali hiyo kutembea nuruni. Nilipomweleza bibi siri yangu wakati wa likizo, hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu: "Umewaambia?" Nikarudi shuleni, nikawaambia. Wengine walinicheka na mmoja hakunisemesha muhula mzima, lakini usiku ule ule wasichana wawili walikuja kitandani kwangu, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniambia kwamba nao walikuwa wakiigiza.

Sijanena kwa lugha hadi leo, nami sasa nina miaka hamsini na nane. Binti yangu wa pili hunena, kimya kimya, chumbani kwake, naye ni mtu wa kweli na sina shaka na karama yake. Tunakula sahani moja, wala hakuna kati yetu anayejiona mkubwa kuliko mwenzake.

Sasa nije kwenye chai yako, kwa sababu umeitaja kana kwamba ni adhabu. Fungua mstari wa 28 wa sura ile ile, uone Paulo ameweka nini kati ya karama za kuponya wagonjwa na aina za lugha: ameweka masaidiano na maongozi. Masaidiano, mwanangu! Neno hilo limekaa katika Biblia yetu ya Kiswahili miaka yote hii, na sijawahi kuona mkutano wa kuwaombea watu wapokee karama ya masaidiano. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anapotaka kuzungumzia karama anaanza na kukaribishana pasipo kunung'unika, kisha ndipo anasema kila mmoja aitumie karama aliyoipokea kwa kuwahudumia wengine. Mgeni anayefika katika kikundi chenu kwa mara ya kwanza, akiwa na hofu na pengine na njaa, sauti ya kwanza anayoisikia ni yako. Sisemi hivyo ili uridhike na kusukumwa pembeni. Kiongozi wako alikosea kukupa kazi hiyo kama fungu la waliokosa, kwa maana hajui alichokukabidhi.

Kwa Timotheo, Paulo alitumia neno ambalo kila aliyepika kwa kuni analijua: "uichochee karama ya Mungu, iliyo ndani yako". Mtu hachochei moto ambao haupo. Anayechochea anasogeza kuni, anaondoa majivu na kupuliza. Hatoki kwenda kuomba kaa kwa jirani. Na mstari unaotangulia maneno hayo unamtaja bibi yake Timotheo, Loisi, na mama yake, Eunike, ambao imani ilikaa ndani yao kwanza.

Kwa hiyo zungumza na kiongozi wako kwa upole na faraghani. Mwambie utaendelea kuomba karama yoyote ambayo Mungu atapenda kukupa, lugha ikiwemo, lakini hutarudia tena neno ulilofundishwa kulirudia. Kama ipo dhambi, Roho huitaja kwa jina lake ili itubiwe. Wasiwasi usio na jina, unaomfanya mama atafute kosa asilolijua usiku na mchana, siwezi kuuhesabu kuwa kazi yake. Wakiendelea kukuaibisha, una ruhusa ya kutafuta kikundi kingine bila kugombana na mtu. Na wale watoto watatu, kabla hawajalala, wawekee mkono kichwani mmoja mmoja na kuwaombea kwa Kiswahili chako cha kawaida. Paulo alinena kwa lugha kuliko Wakorintho wote, na bado alisema kwamba katika kanisa angependa maneno matano kwa akili zake, apate kuwafundisha wengine, zaidi ya maneno elfu kumi kwa lugha.

Barua kutoka Mwanza

"Mama, Bwana Yesu asifiwe. Mke wangu ana karama ya maombezi na watu wengi wanamtafuta. Kila Ijumaa ni mkesha, Jumatano na Alhamisi anafunga, Jumapili anarudi saa kumi na mbili jioni. Watoto wetu wana miaka tisa, sita na miwili. Mimi ni fundi wa magari, ninarudi usiku nimechoka, nakuta watoto wamelala bila kula au wamelishwa na binti wa kazi mwenye miaka kumi na sita. Nikisema neno ninaambiwa ninampinga Roho. Hata unyumba umekufa, kwa kuwa kila siku yuko katika mfungo. Nimwambie achague kati ya maombi na ndoa?"

Asifiwe sana, kaka. Usimwambie achague. Mwanamke anayempenda Mungu akiwekewa chaguo hilo atachagua Mungu, nawe utakuwa umemfundisha kwamba Mungu na mumewe wako pande mbili zinazopigana.

Lakini lalamiko lako ni la haki, na Maandiko yako upande wako katika jambo la faragha. Sura ya 7 ya Wakorintho wa Kwanza inasema wanandoa wasinyimane isipokuwa wamepatana kwa muda, ili wapate faragha kwa kusali, kisha warudiane. Yapo mambo matatu pale: mapatano, muda wenye mwisho, na kurudiana. Mfungo ambao mmoja ameutangaza na mwingine ameukuta umeshaanza hauna mapatano ndani yake, hata ukiwa na machozi mengi kiasi gani.

Ningependa ninyi wawili msome pamoja Kutoka 18, na msome tangu mstari wa kwanza, kwa sababu wahubiri wengi huanzia katikati. Wote tunaikumbuka habari ya Yethro akimshauri Musa agawe kazi kwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Tunasahau alikuja kufanya nini. Yethro alikuja jangwani akimletea Musa mkewe Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri, ambao Musa alikuwa amewarudisha kwa mkwewe. Alipofika, kesho yake akamwona Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, umati umemsimamia. Ndipo akasema, "Jambo hili ufanyalo si jema." Musa alikuwa ameitwa na Mungu kwenye kijiti kinachowaka moto, wito wake haukuwa na shaka. Hata hivyo baba mkwe aliuona umati ule akiwa ametoka tu kumfikishia mke na watoto, akajua kwamba mtu mmoja hawezi kuubeba wote. Mkeo amepewa karama, nami simpingi. Wale wanaomtafuta wafundishwe kuomba, wagawanywe kwa wenzake, na wengine wajifunze kusubiri mpaka Jumatatu.

Nami nilipita njia yake. Mtoto wangu wa mwisho alipokuwa na miaka mitatu, nilikuwa mwombezi wa kutegemewa katika mkesha wa kila wiki. Asubuhi moja nilirudi nikamkuta mume wangu amelala kwenye kiti, mtoto kifuani, na mezani kuna kadi ya zahanati na kikombe cha uji kilichopoa. Homa ilipanda saa saba za usiku, akambeba mgongoni mpaka zahanati peke yake. Hakunilaumu. Nilikuwa nimeomba usiku kucha kwa ajili ya watoto wagonjwa wa watu wengine. Sikuona kwamba maombi yale yalikuwa bure, na hata leo siamini hivyo, lakini kuanzia wiki ile nilipunguza mikesha nikabaki na mmoja kwa mwezi, na siku nyingine niliamka saa kumi na moja alfajiri nikaomba sebuleni, mahali ambapo mtoto akilia ninamsikia.

Sasa, kaka yangu, neno kwako wewe. Umeandika kwamba unakuta watoto wamelala bila kula. Ukiwakuta hivyo, unafanya nini? Sufuria iko pale pale kwa ajili yako pia. Mwaka 1522 Martin Luther, akiandika kuhusu maisha ya ndoa, alisema kwamba baba akifua nepi za mtoto wake kwa imani, watu wakamcheka na kumwona mjinga, Mungu pamoja na malaika wote hutabasamu, wala si kwa sababu anafua nepi bali kwa sababu anafanya hivyo kwa imani. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 500 na bado wanaume wa makanisa yetu hawajayazoea. Tena binti huyo wa kazi wa miaka kumi na sita ni mtoto wa mtu, aliyeachiwa nyumba yenye watoto watatu usiku kucha. Mzigo huo si wa umri wake, na nyote wawili mnawajibika kwake.

Jambo la mwisho ni kwamba katika barua yako yote hujaniambia mkeo anaombea nini. Inawezekana hujui. Wakati mwingine mwanamke huenda mkesha kila wiki kwa sababu mle ndani ndimo mahali pekee ambapo mtu humuuliza habari za moyo wake na kungoja jibu. Muulize, siku ambayo hajatoka mkesha na wewe hujatoka kazini, kisha mwombe mpige magoti pamoja dakika kumi. Baada ya hapo zungumzeni ratiba, mkiwa na mchungaji au wazee wawili mnaowaamini, mume na mke, ili mapatano yawe na mashahidi.

Barua kutoka Kahama

"Mama yangu, tumeoana miaka sita bila mtoto. Nilikwenda kwa nabii mmoja, naye bila kutaja jina akasema kwamba mwanamke mzee mwenye macho mekundu, wa upande wa mume, amelifunga tumbo langu. Mama mkwe wangu ana macho mekundu. Nabii anataka shilingi 300,000 za sadaka ya kufunguliwa. Mume wangu hajui lolote. Nimeacha kula chakula cha mama mkwe, naye ameanza kuuliza kwa nini."

Binti yangu, usitoe hata senti moja, na tafadhali usimwambie jirani yeyote maneno ya mtu huyo. Nitakuwa mkali kidogo, na ukali wangu si kwako.

Wewe unaishi katika ukanda ambao wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Shinyanga, Mwanza, Tabora, kote huko jambo hili limetokea, na wengi wa waliouawa walikuwa na macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi waliyopikia chakula cha watoto wao kwa miaka arobaini au hamsini. Mtu anayetamka maneno "mwanamke mzee mwenye macho mekundu" katika nchi hiyo anajua, au anapaswa kujua, kwamba anaelekeza kidole kwenye nyumba. Paulo anasema neno la unabii huwajenga watu, huwafariji na kuwatia moyo. Tena anaagiza kwamba manabii wakinena, wengine wapambanue. Nani amelipambanua neno hili? Limesemwa chumbani, kwa mtu mmoja mwenye uchungu, na kuwekewa bei. Yule Simoni wa Samaria alipowaletea mitume fedha ili apate uwezo wao, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Kama mnunuzi aliambiwa hivyo, muuzaji ataambiwa nini?

Mkumbuke Hana. Naye alikuwa hana mtoto, akaenda mahali patakatifu akilia, na mtumishi wa Mungu, kuhani Eli, akamtazama usoni akakosea kabisa: alidhani amelewa. Mtu mwenye cheo cha kweli, katika nyumba ya kweli ya Mungu, alimwangalia mwanamke mwenye kiu ya mtoto na asione sawasawa. Heshima ya Eli ni kwamba Hana alipojieleza, alilikubali kosa lake na kumbariki. Wala hakumtafutia mwanamke mwingine wa kumlaumu, ingawa Penina, mke mwenza wake Hana, alikuwepo nyumbani na alikuwa akimchokoza kweli.

Leo usiku mweleze mume wako yote, pamoja na fedha. Kisha nendeni hospitali wote wawili. Madaktari hushauri wanandoa waanze kuchunguzwa baada ya mwaka mmoja wa kutafuta mtoto bila mafanikio, nanyi mmesubiri sita. Tatizo laweza kuwa kwako, laweza kuwa kwake, laweza kuwa kwa nyote. Kipimo cha mbegu za mume ni chepesi na kinapaswa kufanywa mapema, ingawa wanaume wengi hukikwepa mpaka mke amalize vipimo vyote. Kwa upande wako wataangalia homoni, upevushaji wa mayai, na kama mirija imeziba, jambo ambalo mara nyingi hutokana na maambukizi ya zamani yasiyotibiwa. Sikuahidi mtoto. Sina mamlaka ya kuahidi hivyo, na anayekuahidi kwa shilingi 300,000 hana pia.

Na Jumapili hii nenda kwa mama mkwe ule chakula chake. Ukisikia maneno yameanza kuzunguka katika ukoo, usinyamaze: mfuate mchungaji wako na mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, kwa kuwa uhai wa mama huyo unaweza kuwa mikononi mwako.

Barua isiyotaja mahali

"Nina mtoto wa miezi minne ninayemnyonyesha. Ninameza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI tangu nilipokuwa mjamzito. Nimeombewa, nikaambiwa nimepona, na kwamba nikiendelea na dawa ni kukosa imani. Niache?"

Hapana. Dozi ya leo imeze leo.

Ninaandika hivi nikiwa mtu anayeamini uponyaji. Nchi yetu ilimwona Edmund John, Mwanglikana asiye na upadri, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, aliyewaombea wagonjwa mpaka alipofariki mwaka 1975, na wazee wengi bado wanamkumbuka kwa machozi ya shukrani. Lakini Yesu mwenyewe alipowatakasa wale wakoma kumi aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya wakati ule ndio waliokuwa wakipima na kuthibitisha. Hakuogopa kipimo. Nawe jionyeshe kwa wataalamu wa kliniki yako, uombe kipimo cha wingi wa virusi, na uelewe mapema kwamba virusi visipoonekana maana yake ni kuwa dawa inafanya kazi. Ukiiacha, virusi huongezeka tena, na maziwa unayompa mtoto yanaweza kumwambukiza. Mtoto naye afuate ratiba yake ya vipimo na dawa bila kukosa. Paulo, ambaye hata leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwacha rafiki yake Trofimo mgonjwa huko Mileto, na hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani.

Barua kutoka Voi

"Mwanangu wa miaka minane anasema kwamba usiku humwona mtu mwenye nguo nyeupe anayemwita jina. Kanisani wamesikia, wanataka nimsimamishe Jumapili atoe ushuhuda. Nifanyeje?"

Usimsimamishe. Mtoto akishashangiliwa na watu mia mbili kwa ajili ya jambo aliloliona, Jumapili ifuatayo atahisi kwamba ni lazima aone tena, nami nimekwisha kueleza katika jibu la kwanza mahali njia hiyo inapoelekea. Mariamu, mama wa Yesu, aliyasikia maneno ya wachungaji wa kondeni akayaweka yote, akiyafikiri moyoni mwake, na mtoto wake aliachwa akue.

Muulize mwanao kwa sauti ya kawaida, mchana, mkiwa mnafanya kazi nyingine: mtu huyo anapokuita unaogopa au unafurahi? Anasema nini? Usimpe maneno wala usimsaidie kumalizia sentensi. Angalia pia kama ana homa za usiku, kama kuna mtu wa karibu aliyefariki, ameanza lini kulala peke yake, na kama kuna mtu mzima anayemtisha. Akionyesha hofu, mpeleke kwa daktari. Yale atakayokuambia yaandike katika daftari kwa maneno yake mwenyewe pamoja na tarehe, kisha ulifunge.

Samweli alipoitwa usiku alikimbia mara tatu kwa Eli, na kila mara alimkuta. Kwa wiki hizi chache, tandika godoro lako chumbani kwa mwanao.